Mbegu ya Kichupa Kisicho na Jina

Dawa ilikataa kuwa unga. Hilo ndilo lililomshtua Hilkka Vainikainen asubuhi ya Jumatatu, mwezi wa sita, katika maabara yake kule Turku, kabla hata hajavua koti. Miaka miwili alikuwa akiipika dawa ile ya virusi, na miaka miwili ilimtokea vilevile: unga mweupe, laini kama sembe, unaoyeyuka majini mara moja. Leo chini ya chupa palikuwa na sindano. Nyembamba, ngumu, kama miba ya samaki, zote zimelala upande mmoja, ncha zikielekea kiti chake.

"Ajabu hii," alisema, akaweka kahawa chini.

Hilkka hakuwa na siku za kuchezea. Mdogo wake Ilmari, fundi seremala wa miaka thelathini na minane, alikuwa amelazwa hospitali. Aliwekewa uboho mpya, madaktari wakailaza kinga ya mwili wake ili uboho ushike, na virusi navyo vikaona mlango uko wazi, vikaingia hadi ini na mapafu. Dawa zote zinazojulikana zilishindwa. Ya Hilkka, iliyoruhusiwa kwa mgonjwa huyo mmoja kwa kuwa hapakuwa na jingine la kufanya, ndiyo pekee iliyovirudisha nyuma. Kwenye friji ya wadi zilibaki dozi nane, dozi moja kwa siku. Alilala na hesabu hiyo na kuamka nayo.

Sasa niseme alichokifanya, maana jini haliingii bila kufunguliwa. Ijumaa iliyotangulia dawa ilikuwa imegoma kuganda, imetuama chini ya chupa kama asali. Wakemia wana ujanja wao wa kale kuliko mashine zao zote: unakwaruza chupa kwa ndani na kijiti cha kioo, na ukiwa na chembe ya kitu cha ukoo huohuo unaitia iwe mbegu, na dawa yote inaiga umbo lake. Hilkka hakuwa na chembe hata moja. Zote zilikwenda wadi. Akafungua kabati la marehemu Oiva Kettunen, mzee aliyemtangulia chumbani mle, aliyehangaika na dawa za ukoo huo mpaka akaanza kuzungumza peke yake, akaacha kazi. Nyuma kabisa palikuwa na kichupa kisichobandikwa jina, kimefungwa kamba mara saba. Mkemia yeyote atakwambia chupa isiyo na jina haichovywi, inatupwa. Hilkka mwenyewe huwafundisha hivyo wanafunzi. Lakini haraka ilimtafuna. Akakata kamba, akachovya kijiti, akakwaruza, kisha akakichomeka kijiti kwenye fundo la nywele zake kisogoni, kama alivyozoea kwa miaka ishirini.

Sasa alizitia sindano zile majini. Zilikaa kama kokoto. Kumchoma mtu kitu kile ni kumtia mchanga kwenye mishipa.

"Seppo," alimwita fundi wa maabara, mzee mzito wa maneno. "Njoo uniambie kama nina wazimu."

Seppo akainama. "Sindano hizo."

"Zinaelekea wapi?"

"Kwako."

Hilkka akazunguka meza, akasimama dirishani. Ukasikika mkwaruzo mwembamba, kriii, wa kioo juu ya kioo, na hakuna aliyeshika kijiti. Seppo akaitazama chupa tena, akarudi nyuma hatua moja.

"Sasa zinaelekea dirishani," alisema polepole. "Mimi nilitaka kustaafu kwa amani, Hilkka."

Wakaosha chumba kizima kwa spiriti. Wakaleta chupa mpya, hazijawahi kuguswa, wakapika upya Jumatatu, Jumanne, Jumatano, na kila mara dawa ilianza vizuri, ikatoa ukungu mweupe wa unga, hadi Hilkka alipoinama kuitazama, hapo mkwaruzo ukaanza, kriii, kriii, na harufu ya kisima kirefu ikapanda, harufu ya jiwe baridi na chuma kilicholowa, na unga ukajikunja na kujinyoosha kuwa sindano mbele ya macho yake, zikijipanga moja baada ya nyingine kumwelekea, bila haraka. Akapekua madaftari ya Oiva ukurasa kwa ukurasa. Yale ya mwaka wake wa mwisho yalikuwa meupe, hayana hata neno.

Alhamisi alipanda treni kwenda Tampere kwa Marjatta Hakulinen, rafiki yake tangu chuoni, ambaye alikuwa ameipika dawa ileile kwa maelekezo ya simu tu. Marjatta alimpokea mlangoni kwa furaha, ameinua chupa.

"Unga, shoga yangu. Mweupe kama theluji. Umekonda hivyo kwa kitu kidogo namna hii?"

Hilkka akaingia. Hajafika hata kwenye meza, kioo kikalia. Marjatta akaitazama chupa mkononi mwake, akaiweka chini taratibu, kama mtu aliyeshika kitu kinachouma.

"Ulikuwa unga," alinong'ona. "Ulikuwa unga hadi ulipoingia wewe."

"Marjatta, usiseme hivyo."

"Nenda. Nakuomba, nenda sasa hivi, usiguse kitu. Hapa tunapika na dawa za watu wengine."

Moyo wa mtu haukubali jambo la namna hiyo kwa siku moja. Hilkka alijiambia ni vumbi, ni chembe zilizokaa kwenye nguo. Akaoga mara tatu, akanunua nguo mpya dukani, za ndani hadi viatu, na Ijumaa asubuhi akaenda hospitali. Tangu yaanze hayo hakuwa amemwona mdogo wake. Zilikuwa zimebaki dozi nne.

"Tazama nani kafika," alisema Ilmari. Alikuwa na rangi ya nta, mashavu yameingia ndani, lakini mdomo wake haukuwahi kuugua. "Nilidhani umepata mchumba."

"Nani atanichukua mimi na wewe mgongoni?"

"Kweli. Ungeniletea hata andazi la iliki basi, chakula cha hapa ni adhabu."

Hilkka akacheka, akaketi, akamshika mkono. Muuguzi akatundika dripu ya siku ile, maji safi, akaifungua. Hilkka alikuwa akitazama tone la kwanza lilipoteremka, na la pili, na ndipo alipoisikia harufu ya kisima ikipita juu ya harufu ya sabuni za wadi, akainua macho na kuona mfuko ukifanya ukungu, na ndani ya ukungu sindano zikizaliwa, mia, elfu, zikigeuka zote pamoja kumtazama yeye, huku nyingine zimeshaingia kwenye mpira na kuteremka kuelekea mkono wa mdogo wake.

Akaubana mpira kwa vidole vyote. "Funga," alimwambia muuguzi. "Funga, uchomoe. Tafadhali."

Akatoka bila kuaga. Kwenye ngazi za nyuma alikaa chini na kulia, maana sasa alijua kuwa haikuwa vumbi la nguo bali kitu kilichomo ndani yake, na dozi zilibaki tatu.

Seppo ndiye aliyempeleka kwa Aune Pesonen, bibi muumikaji, atoaye damu kwa pembe, kwenye sauna yake, chumba cha mvuke cha kuni pembeni ya ziwa. Ilikuwa Jumamosi mchana, jua kali. Aune alimkalisha benchi la juu, akamsikiliza hadi mwisho, akimwagia mawe maji.

"Kila kitu kina kuzaliwa kwake, mwanangu," alisema. "Chuma, moto, baridi, maradhi. Ukikisimulia usoni kilikozaliwa na nani mamake, kinaona haya, kinaondoka. Ndivyo tulivyofundishwa. Haya, nisimulie. Huyu kazaliwa wapi?"

"Sijui, mama. Kichupa hakikuwa na jina."

"Nani aliyempika?"

"Nadhani Oiva."

"Nadhani si neno la kufukuzia. Alimpika na nini? Siku gani?"

Hilkka alitikisa kichwa. Miaka ishirini na mitano ya kuandika kila tone na kila nukta ya joto, na hili moja, lililomkalia, hakuwa na neno la kulisema. Aibu ilimchoma kuliko mvuke.

"Basi tujaribu kwa mikono," alisema Aune.

Akamnyoa. Nywele akazitupa kwenye jiko la sauna, na zilipokuwa zikiungua, ndani ya moto kulisikika kriii ndefu, kama kitu kinachoomba kutoka. Akamchanja kisogoni, pale kilipokuwa kikikaa kijiti, akambandika pembe tatu. Pembe zikanyonya. Alipozibandua na kumimina damu kwenye bakuli jeupe, wote wawili waliinama kutazama, na Hilkka aliona, mvuke ulipokuwa ukipungua na harufu ya jiwe baridi ikijaza chumba chenye moto mkali namna ile hadi meno yakaanza kumgongana, damu yake ikitulia, ikijitenga, na chini yake, safi kabisa, ziking'aa, sindano.

Aune akajifuta mikono kwa muda mrefu.

"Jini limepata nyumba ndani yako," alisema kwa sauti ndogo. "Mimi siliwezi. Ninachoweza kukwambia ni kwamba litakwenda uendako, na halitakwenda usikokwenda."

Hilkka akavaa. Nje, akiwa bado na damu shingoni, akapiga simu Oulu, kwa mkemia kijana ambaye hajawahi kukutana naye, aliyekuwa na mali ghafi ya hatua ya mwisho. Akamsomea maelekezo yote kwa mdomo, tone kwa tone. Hakumtumia karatasi. Akamkataza kutumia chochote kilichowahi kupita Turku au Tampere. Jumanne asubuhi, dozi ya mwisho ikiwa imeisha jana yake, unga mweupe ulifika wadini, ukayeyuka majini mara moja. Hilkka hakuuona. Alikuwa ameshahamia kibanda cha msituni, kilomita mia tatu kutoka hapo, ameacha kazi, nyumba na funguo.

Wiki tatu baadaye Ilmari alimpigia.

"Dada, virusi havionekani tena. Daktari kanionyesha mwenyewe. Uko wapi?"

"Nina kazi."

"Kazi gani? Seppo anasema umeacha. Sikia, wananitoa Ijumaa. Dawa naendelea nayo mwaka mzima, nimepewa begi lake kabisa, kwa hiyo nakuja kukaa kwako huko porini. Ukinifungia nitavunja mlango."

Alikuwa akicheka. Hilkka alimjua. Ukimwambia habari ya jini atacheka zaidi, kisha atakuja upesi zaidi, na begi lake begani, kumtibu dada yake wazimu.

"Usije," alisema.

"Kwa nini?"

"Nimekuchoka, Ilmari. Miaka miwili sikuwa na maisha ila ugonjwa wako. Umepona. Niache sasa."

Alisikia kigari cha chakula kikipita huko wadini.

"Hilkka," alisema Ilmari. Maisha yake yote hakuwahi kumwita kwa jina tupu. "Unasema kweli?"

"Kweli."

"Basi."

Simu ikakatwa. Hilkka aliinamia meza akalia hadi mbao zikalowa, na hakuyafuta machozi. Aliyaacha yakauke kwenye jua la dirishani, akiyatazama, kwa kuwa alikuwa mkemia na hakuwa na njia nyingine ya kujua. Sindano zilipotokea, ndogo, nyeupe, alisogea kushoto, kisha kulia. Zilimfuata. Ndipo aliposhusha pumzi: lilikuwa bado hapa, kwake, halijaenda kwa Ilmari.