Baiskeli ya Viti Viwili

"Lusekelo, hebu acha kutafuna kwanza unijibu. Hapa kilomita ishirini na tatu, hii baiskeli ya viti viwili imetoka wapi?"

Lusekelo alikuwa ameshika paja la kuku kwa mikono miwili, mafuta yanamchuruzika mpaka kwenye saa. Aliunyonya mfupa, akaugeuza, akaunyonya tena, ndipo akainua macho.

"Ipi hiyo?"

Ghati alirudisha kaseti nyuma, akabonyeza. Sauti ya Lusekelo ikatoka ikihema, magurudumu yakikwaruza changarawe:

"Kilomita ishirini na tatu nukta moja. Geti la chuma, lina mnyororo. Tandem haipiti mpaka wa nyuma ashuke. Kama wa nyuma ni mfupi, kulia kuna jiwe bapa, akanyage hapo. Miguu haifiki chini."

"Aah, hiyo? Hiyo ni ya wateja, mpenzi. Wazungu wanapenda sana tandem."

"Uliipanda wewe?"

"Niipande na nani? Si nilikuwa peke yangu wiki mbili nzima? Nimekadiria tu."

Akarudi kwa kuku wake.

Ghati alivua vipokea sauti, akaviweka mezani taratibu. Nimekadiria! Huyu alikuwa fundi baiskeli anayefanya kazi kwenye kampuni ndogo ya kutembeza watalii. Bosi wake alimtuma pwani ya Italia, kule Liguria, apime njia za changarawe zinazopanda na kushuka vilima juu ya bahari. Alijifunga kinasa sauti kifuani, akasema kila kona, kila jiwe, kila mzeituni wa kupumzikia. Kiingereza chake cha kuandika kilikuwa kinachechemea, kwa hiyo kazi ya kusikiliza kaseti na kuchapa ilikuwa ya Ghati, mchumba wake, hapa hapa Riverdale Park, Amerika, akitoka kuwaogesha wazee wa watu.

Wala hakulalamika. Harusi ilikuwa wiki tatu mbele, na Lusekelo alikuwa ameapa fungate yao itakuwa kwenye njia hizo hizo. Kila mzeituni aliouchapa, Ghati alijiona amekaa chini yake.

Lakini jambo moja alilijua. Lusekelo angeweza kudanganya umri wake, hata kabila lake akitaka. Karatasi ya njia hakuwahi kuidanganya. Mbele za wageni alikuwa anajipiga kifua: "Sisi hatuandiki tusichokipita. Mteja akipotea kwa makisio yangu, sina kazi."

Sasa tangu lini mtu huyo akadirie urefu wa miguu ya abiria?

"Nakwenda kumchukulia Mzee Gervas soda za kikao cha harusi," Lusekelo alisema, akijifuta midomo kwa kitambaa cha meza. Cha meza, jamani! "Tukutane Springfield saa nane, usichelewe. Na hiyo tandem ifute tu."

Alitaka kumbusu. Ghati akageuza shavu, na hata hapo shavuni pakabaki mafuta.

Gari lilipoondoka tu, akampigia Chepngetich, Mkenya anayefanya naye kazi.

"Chep, sikiliza. Mwanaume asiyeshuka baiskeli hata mlima uwe ukuta, amepumzika kila kilomita tano. Kila kilomita tano! Nimeichapa mwenyewe sikuona."

"Woi. Hiyo ni dame, Ghati, ako na mwanamke. Hiyo hata haitaki kuuliza."

"Sina uhakika."

"Pahali walilala si iko na namba kwa hiyo karatasi? Si u-call tu."

"Nitasema nini?"

"Sema hello, halafu unyamaze. Watu huongea."

Namba ilikuwepo, kilomita arobaini, nyumba ya wageni juu ya mlima. Ghati alikwangua kadi ya simu, akapiga. Akapokea mama wa Kiitaliano mwenye Kiingereza cha kuokoteza.

"Hello. Napiga kutoka Amerika. Ni kuhusu Lusekelo, yule wa baiskeli..."

"Signora Edna!" yule mama alipiga kelele za furaha. "Goti limepona? Nilimwambia mumeo, yale majani uyabadilishe kila asubuhi! Na kofia yako ya kuogea umeisahau, nimekutunzia. Mtarudi lini, maharusi wangu?"

Ghati hakukata simu kwa hasira. Alisema asante, akaiweka chini vizuri kabisa. Kisha akaenda kwenye sinki, akamwaga sabuni ya vyombo, akasugua vidole. Akasuuza, akasugua tena. Vidole hivi ndivyo vilivyochapa fungate ya mwenzake, ukurasa kwa ukurasa, na kusahihisha herufi! Ile mifupa ya kuku aliibeba na sahani yake, akaitupa yote kwenye pipa la nje.

Edna hakuwa mtu wa mbali. Alikuwa nesi wa Germantown, na ndiye katibu wa kamati ya harusi. Alipopotea wiki mbili alisema yuko Houston kwa dada yake, akarudi na goti lililofungwa bendeji. Ameanguka kwenye ngazi, maskini. Ghati ndiye aliyempelekea supu.

Saa nane na robo Chepngetich alimshusha Springfield, akakataa kubaki garini. Kamati ilikuwa imekaa kwenye chumba cha chini ya nyumba ya Mzee Gervas, mwenyekiti, watu wazima tisa na masinia ya sambusa. Edna alikuwa pembeni ya mwenyekiti, mguu juu ya kiti, daftari la kumbukumbu mapajani. Mfupi kweli kweli, mguu wa pili ukining'inia haugusi zulia. Ghati alikuwa amemwona hivyo miaka mitatu, na leo ndiyo mara ya kwanza alipokumbuka lile jiwe bapa.

"Bibi harusi kafika!" Mzee Gervas alishangilia. "Tuanze. Na habari njema kuliko zote, mama yake Ghati amepata viza! Mara mbili wamemnyima, safari hii wamempa kwa ajili ya harusi hii. Makofi!"

Wakapiga makofi. Lusekelo alipiga kuliko wote.

"Mwenyekiti," Ghati alisema, "kabla hatujaendelea, nina karatasi fupi ya kusoma. Ni ya fungate. Katibu, naomba uandike."

"Dada, leo una mambo!" Edna alicheka, akashika kalamu.

"Kilomita kumi na mbili. Lami inaisha mbele ya kanisa dogo, shika kulia, changarawe nyeupe. Kilomita kumi na saba, pumzika kwenye mizeituni, bahari iko chini kushoto. Kilomita ishirini na tatu nukta moja. Geti la chuma. Tandem haipiti mpaka wa nyuma ashuke. Kama wa nyuma ni mfupi, kuna jiwe kulia, akanyage hapo."

Kalamu ilisimama.

"Mbona huandiki, Edna? Au nikusomee tena? Yule mama anauliza kama goti limepona. Anasema kofia yako ya kuogea anayo."

Sambusa ya mtu ilibaki nusu mdomoni.

"Ghati," Lusekelo alisimama, "hiyo ilikuwa kazi. Bosi alitaka nipime na tandem, nikahitaji mtu wa nyuma. Full stop."

"Kazi?" Edna aligeuka. "Luse, uliniambia umeshamwambia! Uliniambia harusi inaahirishwa, mnaficha tu mpaka mama yake apate viza!"

"Edna, kaa kimya."

"Nikae kimya? Uliniita mke wangu mbele ya yule mama!"

Hapo mwanaume mwenye akili angeomba msamaha, au angetoka nje. Lusekelo alichagua la tatu. Alimshika Ghati mkono, akalegeza sauti ile ile ya kwenye kaseti.

"Mpenzi, nisikilize. Nilikuwa naipima njia kwa ajili yako. Nilitaka nijue pa kupumzika, kitanda kipi kizuri, ili wewe ukienda usiteseke. Edna nilimchukua kupimia tu."

"Kupimia?" wanawake wote wawili walisema pamoja.

"Ngai!" Chepngetich akasema mlangoni. "Huyu ni takataka."

Edna alilitupa daftari, akajaribu kusimama, goti likakataa, akalia hapo hapo kwenye kiti. Hakuna aliyemfuata kumbembeleza. Ghati alimtazama, akatafuta wivu moyoni mwake, hakuukuta. Akauvuta mkono wake kutoka kwa Lusekelo na kuufuta kwenye sketi.

"Usiniguse tena. Nakuonea kinyaa, Lusekelo. Hasira ingekuwa afadhali kwako."

Mzee Gervas alikohoa. "Binti yangu, mwanaume ameteleza. Kadi zimeshatoka. Ukumbi upo. Na mama je? Mama amehangaika na hiyo viza miaka minne. Utamwambia nini leo?"

Hilo ndilo lililomuuma. Mwanaume angemtapika na kumsahau. Mama yake alikuwa ameshawaaga majirani wote Musoma, ameshashona na vitenge viwili. Chumba kizima kilimngoja aseme haya basi, yaishe.

"Naomba simu, Mzee."

Akapanda jikoni, Chepngetich nyuma yake, na Mzee Gervas akiwafuata kwa wasiwasi. Akakwangua kadi nyingine, akakosea namba mara mbili. Mara ya tatu ikaita.

"Ghati? Mbona usiku? Kuna nini?"

"Mama, harusi haipo."

Ghati alifumba macho.

"Amekufa?"

"Hapana, mama. Mzima. Ameniharibia tu."

"Kakupiga?"

"Hapana. Alikwenda na mwingine fungate yangu. Mama, nisamehe, najua ulivyohangaika na viza, najua watu watasema, vitenge umeshona..."

"Wewe upo?"

"Nipo, mama."

"Basi nakuja."