Kiyoyozi cha Cornelius

Emojong, fundi wa umeme wa magari kwenye barabara ya Malaba mjini Tororo, alikuwa na mdomo usiopoa. Alizungumza na nyaya, akagombana na boliti zilizoshika kutu, na kila mteja alimpokea kwa neno lile lile: mgeni njoo, mwenyeji apone. Zamani alikuwa utingo wa mabasi ya masafa marefu, na wanasema utingo hata akilala, mdomo wake uko macho.

Asubuhi hiyo furaha yake ilizidi. Binti yake mchanga, Asio, alikuwa ametoka hospitali juzi, mapafu yamepona. Daktari alionya jambo moja tu: baridi isimguse, safari nyingine hatapona. Emojong na mkewe Aguti walikuwa wameshazika watoto wawili kabla ya huyu. Kwa hiyo Aguti alimfunika blanketi hata jua la saa sita lilipochoma vumbi la kiwanda cha saruji juu ya majani, na mumewe hakumcheka.

Ndipo Nanjala, mama wa biashara kutoka Busia upande wa Kenya, alipoingia gereji na gari-nyumba. Lilikuwa gari kuukuu la kutembezea watalii, lenye kitanda, jiko dogo, na kiyoyozi juu ya paa. Liliachwa na kaka yake, marehemu Cornelius. Nanjala alitaka kuliuza, lakini kila mnunuzi alilikimbia.

"Hiyo AC haizimiki, fundi," alisema. "Ukikata moto, inaendelea tu. Mafundi wa Busia wanasema ni shoti."

"Hakuna AC ya kwenda bila moto, madam. Waya tu imechanganyikana. Wewe nenda kula, mimi naimaliza."

Nanjala alisimama kidogo mlangoni kama mwenye neno kooni. Kisha akalimeza, akaenda.

Ndani kulikuwa na baridi tamu. Emojong alivua kofia, akacheka peke yake, akaanza kazi. Jambo la kwanza aliloona ni tepu nyeusi. Matundu yote ya hewa darini yalikuwa yamezibwa kwa tepu, isipokuwa moja, lililokuwa juu ya kitanda. Aliyefanya hivyo alitaka baridi yote imwagike mahali pamoja.

Akafungua kifuniko, akakuta waya umeungua kidogo kwenye kiungio. "Nimekushika," akauambia. Akaukata, akauunga upya, akazima swichi.

Kiyoyozi kiliendelea kuvuma.

Akazima jenereta ya gari-nyumba. Kikavuma. Akatoa nyaya za betri, akaiteremsha betri yenyewe chini, akapima kila waya kwa testa. Sifuri. Labda kapasita, inayohifadhi umeme, imebaki na moto, akajiambia, maana hilo hutokea. Akaigusa kwa bisibisi. Hakuna cheche.

Baridi ikazidi. Vidole vyake vikaanza kufa ganzi. Akaingiza kichwa juu ya dari, akamulika feni kwa simu. Feni ilikuwa imesimama. Ilikuwa na vumbi, na utando wa buibui kati ya mapanga yake.

Na upepo ulikuwa ukitoka.

Alitaka kushuka, akimbie, na hapo hapo, nyuma yake, kitandani, sauti ya mtu aliyechoka sana ikanong'ona.

"Tumefika?"

Swali hilo alikuwa amelijibu maisha yake yote ya utingo, abiria wakizinduka gizani. Mdomo ukajibu kabla ya akili.

"Tumefika. Shuka polepole."

Gari likayumba. Likainuka kidogo kwenye springi zake, kama linavyoinuka mtu mzito akishuka. Kiyoyozi kikanyamaza. Emojong aligeuka. Hapakuwa na mtu. Godoro lilikuwa limebonyea katikati, na polepole lilikuwa likijiinua.

Nanjala alimkuta ameketi chini nje, anatetemeka juani.

"Imezima," alisema Emojong. "Lakini kuna mtu ameniuliza kama tumefika."

Nanjala alishika mdomo. "Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia ashuke."

Mama wa watu akaketi pale pale kwenye mafuta machafu, na maneno aliyoyameza yakatoka kwa kunong'ona. Cornelius alikuwa amefia kitandani mle, wakimtoa Jinja kumpeleka nyumbani. Homa ilimchoma hata akaziba matundu yote kwa mkono wake mwenyewe, baridi yote imwangukie yeye. Alikata roho kabla ya mpaka. Nanjala na wenzake wakaogopa usumbufu wa kuvusha maiti.

"Kwetu maiti akivuka huambiwa," alisema Nanjala. "Dada yake ndiye humwambia: kaka, tunavuka, twende nyumbani. Lakini afisa wa mpaka alikuwa amesimama dirishani mwa gari. Tulisema amelala. Nikanyamaza. Tulizika mwili, fundi. Yeye tulimwacha humu."

Emojong aliangalia nyuma ya gereji. Nyumba yake ilikuwa pale, mlango wazi, Asio ndani.

"Mwite," alisema. "Dada yangu, tafadhali, mwite arudi ndani."

Nanjala akasimama mlangoni mwa gari-nyumba, machozi yanamtiririka. "Kaka Cornelius. Panda. Twende nyumbani."

Wakangoja. Gari halikuyumba. Emojong alikumbuka vizuri jinsi lilivyoinuka mtu aliposhuka, na sasa halikudidimia hata kidogo. Hakusema kitu. Alitaka sana jambo hilo liwe limekwisha. Nanjala akawasha gari, akaondoka kuelekea mpakani, akizungumza na kitanda kitupu.

Emojong akaenda nyumbani mbio. Aguti alikuwa uani anafua.

"Asio amelala," alisema. "Umefanya vizuri kuziba yale matundu, Baba Asio. Mimi nilikuwa naogopa ule upepo."

"Matundu gani?"

Hakungoja jibu. Ndani kulikuwa kimya. Matundu ya hewa juu ya madirisha yote yalikuwa yamezibwa kwa tepu nyeusi, kuukuu, yenye vumbi. Yote isipokuwa moja. Chini ya tundu hilo alilala Asio. Blanketi lake lilikuwa limekunjwa vizuri, limewekwa pembeni, kama anavyolikunja mtu anayeona joto.

Mtoto akakohoa.

Jioni ile ile walihamia kijijini Mulanda, kwa mama yake Aguti, kwenye nyumba ya nyasi isiyo na tundu hata moja. Emojong, msemaji yule, hakufungua kinywa njia nzima. Bodaboda wao aliwauliza kama wamefika. Emojong aliteremka bila kumjibu. Huko Asio alinyonya, akapata joto, akalala vizuri, na Emojong akalia kwa furaha kama mtoto.

Asubuhi Aguti alifungua mfuko wa nguo za mtoto. Akatoa vitambaa, akatoa sweta, kisha mkono wake ukasita.

"Baba Asio," alinong'ona, "hii ni yako?"

Mkononi alikuwa ameshika kiviringo cha tepu nyeusi, kimebaki kidogo tu. Kilikuwa kinadondosha maji, na kilikuwa baridi.