Hakuna Aliyeyaambia Maua

Jumamosi iliyofuata mazishi, Bazyli Ignatiuk alichomeka kidole kwenye udongo wa chungu cha mhadasi akakuta umelowa.

Alikitoa kidole, akakitazama. Hakuwa amemwagilia. Akaenda jikoni. Kopo la kumwagilia lilikuwa kwenye msumari wake, pale marehemu mkewe alipozoea kulitundika, na kwenye ncha ya mdomo wake tone moja la maji lilikuwa linaning'inia, halidondoki.

Alimuuliza binti yake kama ni yeye. Raisa alikuwa amekuja kutoka Hajnówka na mwanawe mdogo, Milena, ili baba yake asibaki peke yake msimu ule wa baridi. Mumewe alikuwa kwenye kazi za ujenzi huko Brussels. Raisa alikuwa akimenya viazi, wala hakuinua kichwa.

"Mimi, Baba? Mimi hata dungusi ilinifia mikononi. Mama hakunipa tena kitu chochote chenye mizizi."

Jina la ubatizo la Bazyli lilikuwa Wasyl. Karani mmoja ndiye aliyemwandika Bazyli siku alipochukua kitambulisho, na kijiji kizima cha Stare Lipiny kikafuata karatasi. Mtu mmoja tu aliendelea kumwita Wasyl, naye ni Walentyna, mkewe, au Wala kama alivyomwita yeye, binti Teodor Sidoruk, ambaye sasa alikuwa amelala nyuma ya kanisa chini ya msalaba mpya wa mbao.

Maua yalikuwa ya Walentyna. Chumba cha mbele, chenye dirisha linalotazama kusini, kilikuwa chake na cha maua hayo: pelagonia nyekundu kwenye ubao wa dirisha, mshubiri kando yake, kangaga juu ya kigoda, mti wa mpira kwenye ndoo pembeni mwa jiko la vigae. Katikati ya dirisha, mahali penye mwanga mwingi, palikuwa na mhadasi. Huo ulitokana na kijitawi cha taji alilovaa siku ya harusi yake. Alikichomeka kwenye udongo kesho yake asubuhi, kikashika. Taji la Raisa nalo lilikatwa hapo, na Walentyna alikuwa akimpakata Milena mbele ya chungu kile na kumwambia kwamba lake linaota.

Kila Jumamosi, akimaliza kufagia, mwanga wa jua ukianza kuondoka kwenye theluji, Walentyna alipita chungu hadi chungu. Alichomeka kidole mpaka kifundo cha pili. Udongo ukiwa na unyevu, alipita bila kumwaga kitu. Wakati wa baridi mmea unalala, alikuwa akimwambia mumewe, na anayelala hanyweshwi. Hospitalini Białystok hakuzungumzia kifo. Alimshika mumewe mkono, akamkunja vidole kana kwamba anamkabidhi kitu, akasema, "Maua yangu, Wasyl. Usiache yafe."

Huko Stare Lipiny, mwenye nyumba akifa, jeneza halivuki kizingiti kabla mtu wa nyumba hajakwenda kutoa habari kwa nyuki, kwa ng'ombe na kwa maua ya dirishani. Hugonga kila chungu kwa kifundo cha kidole, hukisogeza kidogo kutoka mahali pake, kisha husema kwa sauti kwamba fulani amekufa na sasa mlezi wenu ni fulani. Kwa Bazyli nyuki hawakuwapo tena, wala ng'ombe. Yalibaki maua tu. Bibi Paraskiewa Hryc, ambaye watu humwita Paraska na humwendea awanong'oneze maombi wanapopatwa na jicho la husuda au vitisho, alisimama mlangoni siku ile na kuuliza kama maua yameambiwa. Bazyli alijibu kwamba yameambiwa.

Kweli alikuwa ameingia chumbani na kufunga mlango. Alisimama mbele ya mhadasi, kidole juu, tayari kugonga. Lakini neno lile hakuwa amelitamka kwa mtu yeyote. Padri aliambiwa na Raisa. Majirani waliambiwa na kengele. Alifungua kinywa, yakatoka maneno mengine.

"Wala ameenda kwa madaktari Białystok. Atarudi."

Akayasema hayo kwa kila chungu. Hakusogeza hata kimoja. Kisha akatoka, akafuata jeneza.

Kwa hiyo, aliposimama na kidole chenye tope, Bazyli hakushtuka kama ambavyo mtu mwingine angeshtuka. Jambo la kwanza lililomjia lilikuwa furaha, akakaa kitini.

Jumamosi iliyofuata alijaza kopo, akaliacha juu ya kigoda, akaingia jikoni na kukaa akiutazama ukuta. Raisa alikuwa amempeleka mtoto kwa jirani. Jua lilipokwisha kushuka nyuma ya misonobari, alisikia ubao wa sakafu karibu na dirisha ukilia, ule ubao uliokuwa ukilia kila Walentyna alipousimamia. Halafu maji: mchirizo mwembamba, kimya, mchirizo mwembamba. Hakugeuka. Aliogopa kwamba akigeuka, mkewe ataacha. Alipoingia baadaye kopo lilikuwa tupu, na chumba kilikuwa kinanuka sufu iliyolowa na kitu kingine chini ya sufu, kama harufu ya kisima ambacho hakijafunguliwa muda mrefu.

Hakumwambia mtu. Aliishi kwa Jumamosi.

Lakini maua yalianza kuugua. Majani ya chini ya pelagonia yakawa manjano, kisha ya juu. Shina la mshubiri likalainika kama ndizi iliyooza. Vijinzi vidogo vyeusi vikaanza kupanda kutoka kwenye vyungu. Bazyli alipochomeka kidole, maji yalipanda juu ya ukucha. Akamwaga maji ya sahani za chini, akavisogeza vyungu karibu na jiko ili vikauke. Asubuhi alivikuta vimerudi mahali pake hasa, vimejaa mpaka ukingoni. Akaacha kujaza kopo. Haikusaidia, ndoo ya jikoni ndiyo ikawa inakutwa tupu.

Raisa alilalamika kwanza juu ya harufu, halafu juu ya vijinzi. Siku moja alichukua mti wa mpira, pamoja na ndoo yake, autupe uani. Baba yake alisimama mlangoni akiwa ameshika miimo kwa mikono miwili.

"Baba, umeoza huu. Nusa mwenyewe."

"Uache."

"Unayamwagilia maji kana kwamba ni bata. Mama angekuona angekuchapa."

"Nimesema uache, Raisa." Sauti yake ilikuwa ndogo, nayo ilimtisha Raisa kuliko ukali. Aliuweka mti chini, akamtazama baba yake kwa muda, akamuuliza kwa upole kama anajua anachokifanya, kama analala, kama anakula anapokuwa peke yake. Bazyli alisema anajua.

Kisha maji yakatoka nje ya vyungu. Moto wa jiko la vigae ulikutwa umezimika, na jivu limekuwa uji. Viatu vya Bazyli vya manyoya vikakutwa vimejaa maji hadi juu, vimepangwa dirishani kati ya pelagonia na mshubiri. Mto wake ukakutwa umelowa, na katikati yake kulikuwa na kitundu, kama kimetobolewa kwa kidole mpaka kifundo cha pili. Bazyli aliukausha mto ule jikoni kabla binti yake hajauona, akajiambia kwamba Wala ni mgonjwa bado, kwamba amechanganyikiwa kidogo kwa safari, kwamba atazoea.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa na ukungu. Raisa alimlaza Milena usingizi wa mchana kwenye kitanda chake kidogo katika chumba cha mbele, kwa sababu huko jiko lilikuwa limewashwa upya na kulikuwa na joto, akaenda uani kuchukua kuni. Bazyli alikuwa jikoni, ameketi, anautazama ukuta. Alisikia ubao ukilia. Alisikia mchirizo, kimya, mchirizo, na kama kawaida hakugeuka. Lakini safari hii mchirizo haukukoma pale alipozoea kuusikia ukikoma, uliendelea, ukapita kangaga, ukapita mti wa mpira, ukafika mahali ambapo hapakuwa na chungu chochote, na hapo akasikia sauti nyingine, ya mikono inayokandamiza udongo taratibu, kwa uangalifu, kama anavyofanya mtu anayehamisha mche mchanga na hataki kuuvunja mzizi, na ndipo ukungu wa furaha aliokuwa akiishi ndani yake majuma yote yale ulipopasuka, akaruka kutoka kitini, akausukuma mlango.

Milena alikuwa amekaa kitandani, macho wazi, midomo ya buluu. Hakuwa analia. Alikuwa amelowa kutoka nywele hadi chini. Udongo mweusi wa vyungu ulikuwa umelundikwa juu ya miguu yake mpaka magotini na kushindiliwa vizuri pande zote, na juu ya udongo kulikuwa na alama za vidole vyembamba ambazo Bazyli alizifahamu kama anavyofahamu mkono wake mwenyewe.

"Bibi," mtoto alinong'ona, "ananipanda."

Bibi Paraska alikuja kabla ya giza kuingia, akiwa na nyuzi za kitani na mshumaa wa kanisa. Walikihamishia kitanda jikoni, wakamfunga mtoto kwa mablanketi. Paraska alisokota vifundo vya kitani, akavichoma kimoja kimoja juu ya kichwa cha Milena huku midomo yake ikienda bila sauti. Moto ulipanda wima, haukuyumba. Alipomaliza alimgeukia Bazyli.

"Uliniambia yameambiwa."

Raisa alimtazama baba yake, halafu akamtazama bibi, hakuelewa.

"Wanaume," Paraska alisema, bila hasira. "Jeneza mnaweza kulichonga wenyewe, lakini neno moja linawakwama. Uliyaambia nini?"

Bazyli aliwaambia. Raisa aliweka kiganja mdomoni.

"Basi unamtesa," Paraska alisema. "Yanamwita, naye anakuja. Na vidole vyake havisikii tena. Anachomeka, hasikii unyevu. Kila anachokigusa kwake kimekauka. Udongo, mto wako, mtoto. Anadhani vyote vina kiu, Bazyli. Hataacha."

Bazyli aliuliza kama bibi hawezi kwenda kuyaambia yeye. Paraska alitikisa kichwa. Aliyemwita kwa uongo ndiye wa kumuaga kwa kweli. Raisa alimkumbatia mtoto kwa nguvu zaidi, na hilo ndilo lililomwinua Bazyli kutoka kitini.

Aliingia peke yake, akafunga mlango. Dirishani kulikuwa na mwanga wa mwisho, wa kijivu. Aligonga chungu cha pelagonia, akakisogeza. Alisema kwamba Walentyna amekufa, na sasa mlezi wenu ni mimi. Sauti ilitoka kama ya mtu mwenye mafua. Akagonga mshubiri. Akagonga kangaga. Kwenye mti wa mpira harufu ya kisima ilizidi, na ubao karibu na dirisha ukalia nyuma ya bega lake, na alijua bila kugeuka kwamba kuna mtu kati yake na mhadasi, kwa kuwa maji yalikuwa yanadondoka sakafuni kutoka kimo cha kiwiko, tone baada ya tone, na ilimbidi ageuke sasa, kwa sababu chungu kilichobaki kilikuwa kile.

Alikuwa amevaa gauni la buluu walilomzika nalo, limelowa, limemganda mwilini. Kichwa kilikuwa kimeinamia mhadasi. Mikono ilikuwa na udongo hadi viwikoni, na kidole kimoja kilikuwa kimezama chunguni, kinatafuta, kinatafuta.

"Yamekauka yote, Wasyl," alisema, na sauti yake ilikuwa ya uchovu tu, kama ya jioni yoyote. "Kila nikija yamekauka. Huyamwagilii?"

Bazyli alinyoosha mkono. Ilibidi upite karibu na mkono wake ili kufikia chungu, na baridi iliyotoka humo ilimuuma mpaka kwenye meno. Aligonga. Akakisogeza chungu kwa upana wa kidole.

"Amekufa," alisema.

Kidole kikaacha kutafuta. "Nani amekufa?"

Hilo hakuwa amelifikiria. Siku zote zile hakufikiria kwamba naye hajaambiwa. Alimtazama mkewe, ambaye bado hakuwa ameinua uso na alikuwa akisubiri kama anavyosubiri mtu anayetaka kusikia habari za jirani, na Bazyli akalisema jina lake lote, kama lilivyosomwa kanisani, ili pasiwe na kosa.

"Walentyna Ignatiuk, binti Teodor. Ni wewe, Wala. Umekufa kule Białystok. Mlezi wao sasa ni mimi."

Walentyna alikichomoa kidole, akakifuta kwenye gauni, pande zote mbili, kama alivyofanya kila Jumamosi alipomaliza.

"Ungeniambia," alisema. "Nimechoka sana."

Ubao ukalia mara moja. Maji yaliyokuwa sakafuni yalibaki, na Bazyli akapiga magoti akayapangusa kwa shati lake, kwa kuwa hakutaka mtu mwingine ayapanguse.

Mshubiri haukupona, wala mti wa mpira. Mizizi ya mhadasi ilikuwa imeoza yote, lakini juu kabisa lilibaki tawi moja la kijani, na Raisa, ambaye hata dungusi ilimfia, alilikata, akalichomeka kwenye kikombe cha udongo mpya. Likashika. Milena alikohoa mpaka theluji ilipoyeyuka, kisha akapona.

Kila Jumamosi, sakafu ikishafagiliwa, Bazyli husimama dirishani jua likishuka. Husubiri kidogo kabla ya kugusa chochote, kichwa upande, akiusikiliza ubao. Kisha huchomeka kidole kwenye kikombe cha mhadasi mpaka kifundo cha pili, polepole, na kila mara hukishikilia humo kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika.

Udongo ni mkavu. Ndipo huenda kuchukua kopo.