Pikipiki Isiyo na Mtu

Walikutana kwa sababu ya kitana. Ilikuwa mwaka jana, siku ya msafara wa pikipiki za polisi wa kuwakumbuka askari waliofia kazini, na mtaa wa maduka ulikuwa umefurika watu pande zote mbili za barabara. Msusi wa saluni ya ghorofani alishuka ngazi mbio akifuatwa na mteja aliyesukwa nusu kichwa, maana nani atakaa ndani ving'ora vikilia? Katika kusukumana, kitana kikamponyoka mkononi, kikatua ng'ambo ya kamba iliyofungwa kuzuia watu. Bila kufikiri, akainama na kupita chini ya kamba kukifuata.

"Dada, rudi nyuma ya kamba!"

Aliyesema alikuwa askari mrefu, buti zinang'aa, miwani nyeusi usoni, ameegesha pikipiki yake kando kuzuia watu wasivuke.

"Kitana changu, afande."

"Msafara huo unakuja. Uko tayari kufa kwa ajili ya kitana?"

"Hicho ndicho kinachonilisha."

Askari akamtazama kidogo, akatembea taratibu mpaka katikati ya barabara, akakiokota, akakifuta vumbi kwa glovu, kisha akamkabidhi kwa mikono miwili kama anayekabidhi kombe la ubingwa. Watu wakapiga makofi. Msusi akaona haya, akacheka, na kicheko hicho ndicho kilichomponza.

Kesho yake askari alipanda ngazi za saluni, kavaa shati la samawati lililonyooshwa vizuri, helmeti kwapani.

"Nimekuja kusuka," alisema.

Kichwa chake kilikuwa kimenyolewa kipara. Mama Pacha, msusi mwenzake pale saluni, mwanamke mwenye watoto mapacha na mdomo usio na breki, alishika mbavu kwa kucheka.

"Tukusuke nini, baba? Masikio?"

"Hata nyusi, mama. Mradi nikae kwenye kiti cha huyu dada."

Akakaa. Hakusukwa kitu, ila alipoondoka alikuwa na namba ya simu.

Mapenzi yao yalikuwa ya simu za dakika mbili mbili. Askari alimwita msusi Bosi, na msusi alimwita Afande hata walipokuwa peke yao.

"Bosi, niko kwenye taa za benki. Jua kali. Umekula?"

"Nimekula. Wewe je?"

"Nimekula vumbi. Ninakupenda, gari la wagonjwa linapita, kwaheri."

Siku moja alipopita saluni, msusi alishuka na chupa ya rangi ya kucha. Akachuchumaa, akaweka doa jekundu chini ya kioo cha kushoto cha pikipiki.

"Unafanya nini sasa?"

"Pikipiki zenu zote zinafanana. Nataka nikisimama dirishani nijue ipi ni yangu."

"Hiyo ni mali ya serikali, Bosi."

"Nishtaki."

Ila nyumbani kulikuwa na dada yake mkubwa. Msusi aliishi naye vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha magodoro. Dada huyo aliwahi kuolewa na askari wa pikipiki, na askari huyo alitoka asubuhi moja akiwa amekunywa chai, hakurudi. Tangu hapo, kila pikipiki ilipopunguza mwendo nje ya dirisha, dada mtu aliacha alichokuwa akifanya na kusimama. Alijua mume amezikwa, alimwaga udongo kwa mkono wake mwenyewe, na bado alisimama. Msusi alikuwa amelitazama jambo hilo miaka mingi, na lilimtisha kuliko kitu chochote.

Kwa hiyo Afande alipotokea jioni moja na mkono umefungwa bendeji, anacheka eti aliteleza kwenye mafuta, msusi hakucheka.

"Ni michubuko tu, mpenzi."

"Leo michubuko. Kesho?"

"Kesho nitakuwa nimepona."

"Usinifanyie masihara! Hama kikosi. Kaa ofisini, gonga mihuri."

"Mihuri? Mimi? Kazi hii naipenda, Bosi."

"Basi chagua."

"Nichague vipi? Kwani nani anachagua kati ya mkono wa kulia na wa kushoto?"

"Mimi nitakuchagulia. Nenda. Sitaki kuja kuwa kama dada yangu."

Akaifungia namba yake kwenye simu asimpate tena. Wiki zikapita. Mama Pacha alijaribu kuligusia akaambulia jicho kali. Redioni taarifa ya habari ikianza, msusi aliizima, maana hakutaka kusikia neno polisi hata kwa bahati mbaya.

Siku ya msafara ilipofika tena, aliapa kwamba hatatazama. Hata hivyo alivaa gauni lake la kijani, lile linalokaa vizuri kiunoni, akapaka wanja, akajiambia ni kwa ajili ya wateja. Tangu asubuhi hakutulia. Alisuka kidogo, akaenda dirishani, akarudi, akatafuta chanuo alilokuwa ameshika, akaenda tena dirishani.

"Shoga," Mama Pacha akasema, "hebu mtazame mteja wako. Mistari ya kushoto inaelekea kisogoni, ya kulia inaelekea sikioni. Akitoka hapa atakwenda njia ipi?"

Mteja akashika kichwa kwa hofu. Msusi akaanza kufumua, na hapohapo ving'ora vikasikika kwa mbali.

Alijikaza. Alifumua msuko mmoja, wa pili. Kisha akatupa chanuo mezani.

"Nakwenda kuangalia kama yumo. Nikimwona tu, narudi."

"Mimi nimekuuliza?" Mama Pacha akajibu.

Akasimama mbele kabisa, tumbo limeigusa kamba. Pikipiki zikaja mbili mbili, taa zimewaka mchana kweupe, ngurumo zake zinapanda mpaka kifuani. Alitazama kila kioo cha kushoto. Hakuna doa. Hakuna doa. Zikapita zote na yeye hakumwona. Labda kapangiwa kazi kwingine, alijiambia.

Mwisho kabisa likaja gari la wazi, mwendo wa kutembea. Juu yake ilifungwa pikipiki moja isiyo na mtu, helmeti imewekwa juu ya kiti pamoja na jozi ya glovu. Ving'ora vikanyamaza. Askari waliosimama kandokando ya kamba wakapiga saluti.

"Hiyo ni ya nani?" msusi akauliza.

"Ya kijana wao mmoja," akasema muuza maji aliyesimama karibu yake. "Amekufa juzijuzi, lori limemgonga. Ndiyo hiyohiyo aliyokuwa akiiendesha, masikini."

Gari likapita usawa wake. Chini ya kioo cha kushoto kulikuwa na doa jekundu la rangi ya kucha.

Hakupiga kelele. Alimshika mkono askari wa karibu: "Kaka, niambie, ni nani?" Lakini yule alikuwa kwenye saluti, hakuruhusiwa hata kugeuza shingo. Akatoa simu, akaifungua ile namba, akapiga. Sauti ya kike ikamwambia simu hiyo imezimwa. Akapiga tena, na tena, na huku miguu imeshaanza kukimbia.

Alilikimbilia gari lile barabara nzima. Kiatu kimoja kilikatika, akavua vyote viwili. Wanja ulishuka mpaka kidevuni. Watu walimpisha wakidhani ni mjane wa marehemu, mama mmoja akampigia kelele za pole, naye hakukanusha, maana ndivyo alivyojiona. Alikuwa akimwita kwa jina lake halisi, ambalo hakuwahi kulitumia hata siku moja.

Gari liliingia uwanja wa polisi. Langoni wakamzuia, akapenya chini ya mkono wa mlinzi. Na pale, mbele ya mstari wa askari waliosimama kuipokea pikipiki, kavaa glovu nyeupe, kakonda kidogo, alisimama Afande.

"Bosi?"

Msusi alimpiga kifuani kwa viatu alivyovishika. Akampiga tena. Halafu akamshika shati kwa mikono yote miwili, akalia kwa sauti. Mkuu wa kikosi akageuka pembeni, akajifanya anasoma saa yake.

"Imepita bila wewe! Pikipiki yako imepita bila wewe!"

"Aliyekufa ni mwenzangu," alisema Afande taratibu. "Yule tuliyekuwa tunaendesha pamoja. Yake imekuwa chuma chakavu, haiwezi kubeba hata helmeti. Kwetu lazima pikipiki itoke kikosi cha marehemu, na mtu wake wa karibu ndiye aitoe. Nikatoa yangu."

"Na simu?"

"Siku ya msafara tunazima sote, mpaka uishe. Lakini mimi nilikupigia, Bosi. Siku ile aliyofariki. Nilikaa nje ya chumba cha maiti nikapiga mpaka chaji ikaisha. Hukupatikana. Nikasema, basi, amepata mtu wa kugonga mihuri."

Msusi aliona aibu. Wiki zote hizo alikuwa akijihurumia yeye tu, na huyu alikuwa akizika rafiki peke yake.

"Nisamehe," alisema.

"Nimekusamehe. Futa uso, watu wanatazama."

"Watazame! Sikiliza. Nilikuacha ili nisije nikakulilia. Leo nimekulilia kutoka saluni mpaka hapa, peku, watu wananipa pole ya ujane, na wala hujanioa. Sasa nimepata faida gani?"

Afande akamfuta wanja kidevuni kwa kidole cha glovu.

"Nijibu. Faida gani?"

"Hakuna."

"Basi Jumapili njoo nyumbani useme na dada yangu."

"Bosi, hapo unaniposa?"

"Nakupa amri, Afande."

Afande alicheka, na katika kucheka machozi yakamtoka, yale aliyoyabana tangu mazishi. Mkuu wa kikosi akakohoa. Afande akajinyoosha, akaenda garini, akaitwaa helmeti kwa mikono miwili na kumpelekea mjane wa mwenzake, mwanamke kijana aliyekaa mstari wa mbele wa viti akiwa na mtoto mapajani. Mwanamke huyo aliipokea, akaifunika kwa kanga yake, akainamia juu yake. Msusi alimtazama mwanamke yule bila kugeuza macho. Alijilazimisha kumtazama mpaka mwisho.

Sherehe ilipokwisha, pikipiki ilishushwa, na Afande akaipanda. Zamu yake ilikuwa inaanza.

"Bado unaogopa?" alimuuliza.

"Sana," msusi akasema. "Tena kuliko zamani. Funga mkanda wa helmeti vizuri."