Mnyama wa Nyuma ya Gogo

Rafiki yangu, daktari wa mifugo, aliitwa na mpasua mbao akamtambue mnyama asiye na unyoya hata mmoja, aliyeonekana msituni. Wapasua mbao wengine walishakimbia kazi.

"Ni mbweha mwenye ukurutu tu, kaka," daktari alimtuliza.

"Mbweha gani analia kwa kwikwi, dokta?"

Wakaingia. Ulikuwa mchana, lakini chini ya miti giza lilikuwa zito na ndege walikuwa kimya. Kwikwi zikasikika nyuma ya gogo. Daktari akavuta dawa ya usingizi kwenye sindano, akachungulia.

Mnyama alikuwa amejikunyata, ngozi tupu, makucha marefu. Alipoiona sindano, alinyoosha mguu wa mbele taratibu, akageuza uso pembeni, akafumba macho kwa nguvu.