Yai la Kumi na Moja

Mayai yalikuwa kumi na mawili, yamelazwa juu ya makapi ya mpunga ndani ya kikapu, na Regina aliyabeba kichwani kwa mwendo wa mtu aliyebeba mtoto mchanga. Alikuwa akikatiza gulio la Jumamosi hapo Masasi, kelele kushoto, kelele kulia. Mwaka wa tatu ulikuwa unapita tangu vita vya Maji Maji, na watu walikuwa wameanza tena kununua vitu vya kupendeza, si vya kushibisha tu: shanga, hina, vioo vidogo. Wauza asali walitoka Lupaso, vyungu vilitoka Chiwata, chumvi ilitoka pwani. Regina alivaa kaniki mpya iliyomkaa vizuri kiunoni na blauzi nyeupe ya bafta aliyoishona mwenyewe, mishono midogo midogo kama meno ya panya.

Nyuma ya gulio palikuwa na uwanja wa misheni. Akasikia watu wakipiga kelele, "Dada, angalia! Angalia juu!" Kabla hajageuka, kitu kizito kikatua kikapuni, puu! Ute ukamshukia hadi shingoni.

Alishusha kikapu polepole. Katikati ya maganda ulikaa mpira wa ngozi, mrefu, umechongoka ncha mbili. Kijana mmoja mrefu akaja mbio, kifua wazi, shuka jeupe limefungwa magotini, vumbi la mbao bado liko nyweleni.

"Nisamehe, dada. Huo mpira ni wetu."

"Naona," Regina alisema akijifuta. "Ila niambie kwanza, kuku gani ametaga hili?"

Wauza asali wakaangua kicheko. Kijana naye akacheka, ndipo Regina alipoona pengo dogo katikati ya meno yake ya mbele, na hasira ikaanza kumponyoka.

"Kuku wa Padri," alijibu. "Alikuja naye kutoka Ulaya. Naitwa Dunstan, seremala. Nitayalipa yote. Ni ya nani?"

"Ya mjomba wangu. Mwalimu Cecil."

Kicheko kilimkauka Dunstan mdomoni. Mwalimu Cecil ndiye aliyekuwa nahodha wake, na alikuwa amesimama pale uwanjani, mikono kiunoni, anangoja mpira urudi.

Walipohesabu, yai moja lilikuwa zima. Dunstan alipaswa kulipa kumi na moja.

Jumamosi iliyofuata Dunstan alifika uani kwa Mwalimu Cecil na yai moja tu, limefungwa kwenye jani la mgomba.

"Moja?" Regina aliuliza. "Uliyavunja mengi kwa mpigo, unayalipa kwa kudonoa?"

"Nikiyaleta yote leo, Jumamosi ijayo nitakuja na sababu gani?"

Basi ikawa hivyo. Jumamosi moja, yai moja. Alikaa kwenye kigogo karibu na kinu, Regina akitwanga, na maneno yao yakapokezana na mchi. Alimweleza jinsi mpira wa yai unavyochezwa, watu kumi na watano kila upande, mpira unabebwa mikononi, unarushwa nyuma tu, na mtu akiangushwa wenzake wanamrundikia kama siafu.

"Na wewe unapenda kurundikiwa?"

"Napenda kuponyoka, kipenzi."

Kufikia yai la nane Dunstan alituma mshenga. Mwalimu Cecil hakuwa mtu mbaya. Alimlea Regina tangu alipomtoa Newala akiwa na miaka saba, na kwa watu wao mjomba ndiye mwenye neno. Alisema neno lake wazi. "Desturi yetu mume huenda kwa mama wa mke. Dunstan ajenge nyumba Newala, karibu na dada yangu, udongo umekandikwa kuta zote. Mvua za kwanza zikimkuta hajamaliza, posa imekufa."

Newala ni mwendo wa siku mbili. Siku za juma Dunstan alipiga randa kwenye karakana ya misheni, na Jumamosi yake ilikuwa ya mpira. Alifikiri hili hadi akakonda. Ndipo alipokuja Muharami, mtu wa Newala aliyefanya kazi shamba la pamba. Huko fundi wa mitambo alikuwa Mwingereza wa kutoka kaskazini ya kwao, mweusi kwa moshi siku zote, watu wakimwita Bwana Masizi. Naye alikuwa na timu yake ya mpira wa yai, lakini kwa sheria nyingine. Na mchezaji aliyepoteza siku ya kazi alilipwa nguo.

Dunstan akaja uani na yai la kumi. Alimpa Regina, kisha akaenda kusimama mbele ya baraza. Regina aliushikilia mchi hewani asikose neno.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Kaa."

"Nitasimama. Nimekuja kuaga timu. Muharami ameniita shambani."

Mwalimu Cecil alivua miwani. "Wanakulipa?"

"Nguo moja kila mchezo. Na karakana yao ina kazi, wananipa na siku za kwenda Newala."

"Mpira ni wa afya na heshima, Dunstan. Hauuzwi."

"Heshima sikatai, Mwalimu. Lakini uliniambia nijenge. Nitajenga kwa nini?"

"Kwa mikono yako."

"Mikono ninayo. Siku sina."

Mwalimu Cecil aliifuta miwani kwa pindo la kanzu, akaifuta tena.

"Sheria ilikuja na mpira wenyewe," alisema mwisho. "Anayelipwa hagusi tena mpira wetu maisha yake yote. Na anayecheza naye, hata kurushiana tu, naye ametoka. Hata kama ni mimi. Neno la nyumba liko pale pale, lakini uani kwangu usikanyage."

"Ndiyo, Mwalimu. Asante kwa kunifundisha."

Alipopita kwenye uzio wa matete Regina alikuwa tayari upande wa pili. "Na la kumi na moja?" alimnong'oneza.

"Litakuja, mwandani. Nimeshalichagua."

Siku moja Regina alijiiba, akapanda majabali yanayotazama shamba la pamba, akachungulia. Watu walikuwa kumi na watatu kila upande, si kumi na watano, uwanja ukaonekana mpana. Dunstan aliangushwa, na badala ya kumrundikia wakamwacha ainuke, akauvingirisha mpira nyuma kwa mguu, mchezo ukaendelea. Alipenda kumwona anainuka upesi namna ile. Mwisho Bwana Masizi akagawa nguo, za buluu zenye ukingo mwekundu, alizoagiza mwenyewe kutoka Lindi. Hapakuwa na nguo kama ile Masasi nzima, na Regina alishuka jabali akiimba.

Ndiyo maana, majuma matatu baadaye, alipoiona nguo ile gulioni kwenye mwili wa mwanamke, aliitambua kwa mbali.

Mwanamke mwenyewe alikuwa mzuri, mwenye kiuno cha nyigu na mabega imara, anachagua samaki wakavu. Regina alijikaza.

"Nguo yako inapendeza, dada. Umeipata wapi?"

"Hii?" Mwanamke alijizungusha kidogo. "Nimepewa na Dunstan, seremala. Mimi Siti mjane, dada yake Muharami wa Newala. Yule kijana ana mkono mwepesi jamani, hii ya pili sasa! Unamjua?"

"Namsikia tu," alisema Regina, akaondoka. Aliona haya kuuliza kapewa kwa lipi. Nguo toka kwa mwanamume kwenda kwa mwanamke mjane, nani asiyejua maana yake? Misheni ilikuwa imeshanong'ona kwamba seremala amevaa kofia ya Muharami, kwamba atasilimu, kwamba ataoa huko huko. Regina alikuwa amewacheka. Sasa alilia jikoni akisingizia moshi.

Barua ya Dunstan ilikuja mkononi mwa Julia, shoga yake, imekunjwa ndogo kama hirizi.

"Fungua basi, mbona unaitazama kama nge?" Julia alimtania.

"Mrudishie."

"Bila kusoma? We Regina!"

"Mwambie ampelekee Siti akamsomee."

Julia hakucheka tena. Barua ikarudi imekunjwa vile vile, na Dunstan hakuandika nyingine. Regina alitwanga unga zaidi ya uliohitajika nyumbani, hata kuku wa mjomba wakanenepa.

Mwezi wa Novemba ulipoingia, joto likawa la kupasua midomo, na mawingu yakaanza kujikusanya upande wa pwani kila alasiri kisha yakaghairi. Ujumbe ukafika toka kwa mama yake. Mje, wewe na mjomba wako, tuandae mbegu, nami nina la kuwaonyesha. Wakafunga safari, Mwalimu Cecil na kanzu yake na kibuyu cha maji, Regina na mzigo wa mbaazi.

Siku ya pili walifika chini ya mwinuko wa Newala. Kibuyu kilikuwa kitupu tangu asubuhi. Ilikuwa miaka kumi na minne Regina hajapita njia ile, na Masasi kijito kilikuwa nyuma ya nyumba, mtu akitaka maji anakwenda na kurudi kabla chungu hakijachemka. Hapa njia ilisimama wima kama ukuta. Wanawake walikuwa wakiipanda wamejitwisha mitungi, mmoja nyuma ya mwenzake, shingo zimekaza, jasho linatona kwenye visigino. Hawakuongea. Walihifadhi pumzi.

"Bibi," Regina alimwomba wa mwisho, "nipe tone moja tu."

"Si yangu, mwanangu. Yamelipiwa. Mwombe Siti, ndiye mkubwa wetu."

Siti alikuwa mbele, kwenye kona, amepumzisha mtungi juu ya jiwe. Alivaa nguo ya buluu yenye ukingo mwekundu. Aliyemfuata alivaa ya namna hiyo hiyo. Na wa tatu. Regina alihesabu wanawake watano, mmoja wao kikongwe asiye na jino, wote wamevaa buluu na nyekundu.

"Dada wa gulioni!" Siti alimtambua. "Kunywa, kunywa. Dunstan hatajua."

"Maji haya ni ya Dunstan?"

"Ya nyumba yake. Utakandika vipi bila maji? Huku juu hakuna kisima, na udongo unakunywa kama ng'ombe. Asubuhi tunashuka, adhuhuri tunapanda, mitungi mitano haimalizi hata ukuta mmoja. Kila nguo anayopewa kwa mpira anatuletea sisi. Yeye mwenyewe anavaa kiraka! Anamjengea mchumba wake, binti mmoja wa misheni, mwenye maringo kweli kweli. Kamrudishia barua hata hajaifungua."

Regina alikaa chini kwenye vumbi na blauzi yake nyeupe. Mtoto wa Newala, aliyesahau kiu ya kwao.

"Dada Siti," alisema, "mwenye maringo ndiye mimi. Nipe mtungi huo."

Siti alimtazama, akamtazama tena, akaangua kicheko kilichoenea bondeni. "Ehe! Basi ubebe, mama, ujue bei yake!"

Aliubeba. Shingo ilimuuma hadi machoni, nusu ya maji yalimwagikia mgongoni, lakini alifika juu. Mama yake alisimama mlangoni, ndonya ya mti ikichezacheza kwenye mdomo wa juu kwa furaha, akanyoosha kidole tu. Karibu na nyumba yake ilisimama nyingine, milango na madirisha yamerandwa vizuri, kuta tatu zimekandikwa laini, ya nne ingali fito tupu. Dunstan alikuwa magotini kwenye tope, kiraka matakoni kama alivyosema Siti.

Aliinua macho. Hakusimama.

"Barua ilisemaje?" Regina aliuliza, mtungi ungali kichwani.

"Ilisema nakujengea, na maji yananishinda. Na kwamba Siti ni mkali kuliko Mwalimu."

"Niliona nguo, Dunstan. Nikadhani... sikuuliza. Nilipaswa kuuliza."

"Ulipaswa." Lile pengo la meno likaonekana. "Nami nilipaswa kukuambia mapema, lakini nilitaka uikute imesimama. Tua mtungi, kipenzi. Unanimwagia ukuta wangu."

Alimsaidia kuutua, mikono yake ya tope ikaacha alama kumi kwenye bafta nyeupe. Regina hakuzifuta.

Upande wa pwani mawingu yalikuwa yamekuwa meusi, na safari hii hayakughairi. Ngurumo ikasikika mbali. Mwalimu Cecil alikuwa amefika, anahema, anautazama ule ukuta wa nne, anazitazama mbingu. Miguuni pake ulilala mpira wa yai wa Dunstan, wa ngozi ya mbuzi. Aliinama nusu, kisha akaupita kwa uangalifu asiuguse hata kwa kidole cha mguu.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema Dunstan. "Mvua imeniwahi."

"Marahaba." Mwalimu Cecil alivua miwani, akampa Mama Regina. Akavua kanzu, akaikunja vizuri, akabaki na shuka. "Sheria inanikataza kucheza nawe, Dunstan, na sitaivunja. Nimeisoma mara nyingi." Alizamisha mikono yote miwili kwenye tope. "Haikutaja kukandika."

Wakakandika wote, mjomba, mama, Siti na wenzake na nguo zao za buluu, bega kwa bega, hakuna aliyetazama juu. Matone ya kwanza, makubwa kama kunde, yalipoanza kupiga makuti ya paa, Regina alikuwa anasawazisha kiganja cha mwisho kwenye kona.

Walijibanza ndani, kwenye harufu ya udongo mbichi. Dunstan alitoka kidogo kwenye mvua, akarudi na kitu alichokikumbatia chini ya kwapa, kinapapatika. Alikuwa mtetea mchanga, mwekundu, shingo ndefu.

"Ni nini hiki?" Regina aliuliza.

"La kumi na moja. Lilikaa sana kungoja, likaanguliwa." Alimkabidhi mikononi. "Regina, utakubali tuishi hapa, nawe na kuku wako, ingawa maji ni mbali?"

Regina alimtuliza mtetea kifuani, juu ya zile alama kumi za tope. Nje maji yalikuwa yakitiririka bure kutoka kwenye makuti, na Siti alishakwenda kukinga mitungi.

"Nitakubali," alisema. "Lakini zamu ya kushuka bondeni tutapokezana. Unayo mikono. Na sasa siku unazo."