Shimo Lililotaka Kupumua

Katika mwaka wa tatu wa vita vya Wadachi na Waingereza, aliishi Uhehe mwanamke aitwaye Semsisi. Kila asubuhi, jua likiwa bado halijapasha moto paa la udongo la tembe yake, aliwatoa mbuzi zizini, akatandaza samadi mbichi kwa viganja, kisha akawarudisha waikanyage. Mpita njia angedhani ni mwanamke mpenda uchafu. Kumbe chini ya samadi palikuwa na bamba la jiwe, na chini ya jiwe shimo la ulezi, refu kupita kimo cha mtu. Humo ndimo kilimokuwa chakula chake na cha wajukuu wake watatu hadi mavuno.

Asubuhi hiyo mbuzi walikataa kurudi. Watu walikuwa wameziba mlango wa zizi.

Walikuwa askari wa Wadachi kumi na wawili, na Mdachi mmoja aliyekuwa akitetemeka kwa homa. Nguo zao zilikuwa viraka vya magome ya miti, na miguu yao peku ilikuwa imepasuka. Ombasha wao, kiongozi wa kikosi, alisogea mbele.

"Kamwene, dada."

Semsisi akamtambua kwa sauti. Hakuwa amemwona Kiponza, mdogo wake wa tumbo moja, kwa miaka kumi na tisa.

Katika vita vile vya kwanza, vya Wadachi na Wahehe, ngome ya Mtwa, mtawala wa Uhehe, ilipobomolewa kwa mizinga, Wahehe waliingia porini na mikuki yao, wakawa wanapiga na kutoweka. Wadachi waliposhindwa kuwakamata watu walikikamata chakula: walichoma mashamba, wakafukua mashimo. Kiponza, kijana aliyetamani koti la askari lenye vifungo vya shaba, ndiye aliyewaonyesha shimo la baba yao. Mzee akanyongwa mbele ya kaya yake, na kosa lake likasomwa kwa sauti: amewalisha wezi wa porini.

"Mnatoka wapi?" Semsisi aliuliza.

"Porini."

"Mnakwenda wapi?"

"Porini."

Askari mmoja akacheka, kisha akashika mbavu zake kana kwamba kicheko kimemuumiza.

"Waingereza ni wengi, wana magari na ndege," Kiponza akaeleza. "Sisi tunapiga, tunatoweka. Bwana anasema hiyo ndiyo akili ya vita."

"Zamani iliitwa wizi."

"Ile ilikuwa fujo ya mikuki, dada. Hivi ni vita vya mataifa."

"Mkuki kwa nguruwe mtamu," alisema Semsisi, "kwa binadamu mchungu. Haya, taifa lina njaa. Nina mbuzi wanne. Chukueni."

Lakini Kiponza alikuwa ameshaanza kuchakura samadi kwa kisigino. Hakuwa amesahau mahali baba yao alipozoea kuchimba. Jiwe likainuliwa, na harufu chachu ikapanda. Akaweka bunduki chini, akajifunga kamba kiunoni.

Desturi ya kwao ilikuwa kwamba shimo hushuka aliyekwisha kuoa, na huyo hufundishwa kwanza kungoja. Nafaka iliyofunikwa hula hewa, na anayeshuka mara tu jiwe liinuliwapo hufa. Shimo huachwa lipumue mpaka kishungi cha nyasi kinachoteremshwa humo kiendelee kuwaka. Kiponza aliondoka kwao kabla ya kuoa.

Semsisi akayaona yote kwa mara moja. Angeanguka kama gunia. Wenzake wangesema shimo lina dawa, wangekimbia, na ulezi ungebaki. Wajukuu wangefika mavuno, na baba angekuwa amelipiziwa. Alitakiwa kufumba mdomo tu, kazi aliyoifanya maisha yake yote.

Mdogo wake akatumbukiza mguu mmoja, kisha wa pili. Alipoinamisha kichwa, mvi zake zilionekana zimezunguka kisogo vilevile kama za marehemu baba yao.

"Panda!" Semsisi akapiga kelele. "Panda juu, mjinga wee! Halijapumua!"

Wakamvuta. Semsisi akawasha kishungi, akakiteremsha kwa ugwe. Kikazimika kabla ya kugusa ulezi. Askari walirudi nyuma, lakini hawakuondoka. Waliketi pembeni ya shimo kama wageni wanaongoja chakula kiive. Jua lilipofika utosini, kishungi cha nne kikaendelea kuwaka. Kiponza akashuka, na vikapu vikaanza kupanda, kimoja baada ya kingine, hadi Semsisi akasikia kibuyu kikikwangua udongo mtupu.

Kiponza alitoka akiwa na vumbi la ulezi kwenye kope. Akaufunga mzigo wake, akasimama mbele ya dada yake, machozi yakimlengalenga.

"Ungeweza kuninyamazia. Ahsante, dada. Nimejua sasa kwamba umesamehe. Vita ndivyo vilivyomuua baba."

Hivyo ndivyo Semsisi mwenyewe alivyokuwa akiwaambia majirani, mwaka baada ya mwaka, kila walipouliza. Akatazama vikapu, akatazama mbuzi wakinusa jiwe lililopinduliwa.

"Sikukutoa humo kwa msamaha," alisema. "Nimekutoa uishi uyasikie haya. Si vita, Kiponza. Wewe ndiye uliyemuua baba."